Mathenge shambani mwako: maswali ya wenye ardhi kuhusu kuua vichaka kwa dawa

Majibu haya ni ya mtu mwenye ardhi yake, awe na ekari mbili kule Marigat au shamba la mifugo Taveta, ambaye amefyeka mathenge akauona ukirudi mnene kuliko mwanzo, na sasa anafikiria kwenda agrovet. Mengi yanafaa pia kwa lantana na vichaka vingine vya kigeni vyenye shina gumu, ila mathenge ndio mfano wetu kwa kuwa ndio unaosumbua zaidi.

Nitajuaje kwamba huu ni mathenge na si mgunga?

Tazama ua na tunda. Mathenge, ambao wataalamu huuita Prosopis juliflora, hutoa maua ya manjano hafifu yaliyopangana kama kidole kirefu kinachoning'inia. Mgunga wetu wa asili una maua meupe yaliyokusanyika kama kijidonge cha duara. Ganda la mathenge ni nene, tamu, la rangi ya majani makavu, na halipasuki lenyewe likikauka. La mgunga hujisokota. Hakikisha kabla ya kufungua chupa ya dawa, maana mgunga ukiuawa kwa makosa huchukua miaka mingi kuupata mwingine wa kivuli kile, na maganda yake ni chakula cha mbuzi wako wakati wa kiangazi.

Nimekata mara nyingi. Mbona unarudi na matawi mengi zaidi?

Kwa sababu umekata juu ya mahali uhai wake ulipo. Mathenge una macho ya kuchipua kwenye shingo ya mzizi, chini kidogo ya udongo. Ukikata shina moja kwa panga, macho yale yote huamka, na kutoka kwenye kisiki kimoja unapata kichaka cha mashina kumi yenye miiba. Moto nao hauna msaada mkubwa. Unaunguza yaliyo juu, shingo inabaki salama ndani ya udongo.

Kwa hiyo ni lazima nitumie dawa?

La. Miche midogo ing'olewe kwa mkono mvua ikiwa imelainisha udongo. Yenye unene wa kidole gumba hadi wa kifundo cha mkono inaweza kuchimbwa kwa sururu, mradi ukate mzizi sentimita 20 hadi 30 chini ya udongo, yaani chini ya yale macho. Mmea uliokatwa hivyo haurudi. Ukiwa na nguvu za watu na eneo si kubwa, hiyo ndiyo njia safi kuliko zote na haina haja ya glavu maalumu wala lebo.

Dawa inaanza kuwa na maana mashina yakiwa manene, mengi, au yamejibana kwenye mawe ambako sururu haiingii.

Dawa inawekwaje? Nimeona watu wanapiga bomba majani.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kunyunyizia majani. Inavutia kwa sababu ni haraka, na kwa sababu kila mtu ana bomba la mgongoni la lita 16 au 20. Kwa mathenge mkubwa ni njia mbaya. Majani yake ni madogo, yana nta, na yakifunikwa na vumbi dawa haiingii. Huwezi kufika juu ya mti wa mita nne bila kujimwagia mwenyewe. Dawa nyingi inaanguka kwenye nyasi na udongo. Wiki mbili baadaye majani yamekauka, umefurahi, na mvua ikinyesha kisiki kinachipua. Njia hii naikubali tu kwa maotea (machipukizi mapya) mafupi, chini ya urefu wa mtu, yenye majani mengi mabichi yasiyo na vumbi.

Ya pili ni kupaka gome la chini. Dawa inayochanganyika na mafuta hutiwa kwenye dizeli, kisha shina hulowanishwa pande zote kuanzia udongoni hadi sentimita 30 au 40 kwenda juu. Dizeli hupenya gome na kuibeba dawa ndani. Inafaa mashina membamba yenye gome laini, hasa yasiyozidi unene wa sentimita 5. Gome liwe kavu; likiwa na umande au tope, mafuta hayashiki. Na usiache upande hata mmoja: shina lililopakwa nusu hufa nusu.

Ya tatu ni kukata na kupaka kisiki, na hii ndiyo ninayompendekezea karibu kila mwenye shamba dogo. Kata shina chini kabisa, karibu na udongo, kato lililonyooka wala si la mshazari. Pangusa unga wa mbao. Papo hapo paka dawa. Papo hapo ni dakika, si baada ya chai. Mti uliokatwa huanza kuziba kidonda chake mara moja, na dawa ya maji iliyochelewa hukaa juu tu. Kwa hiyo watu wawe wawili wawili, mmoja na panga au msumeno, mwingine na brashi nyuma yake. Kwenye kisiki kinene huna haja ya kulowanisha katikati, kwani kule ni mbao iliyokufa. Kinachobeba dawa kwenda mizizini ni ule utando mbichi ulio kati ya gome na mbao, basi zungusha brashi kwenye ukingo. Ukitumia mchanganyiko wa dizeli, paka pia gome lililobaki hadi udongoni, pamoja na mizizi iliyojitokeza.

Faida yake si ndogo. Dawa inayotumika ni kidogo, haipeperuki kwenda kwa jirani, na mti mwenyewe unaubeba ukiwa safi. Tia rangi kidogo kwenye mchanganyiko ili ujue kisiki kipi kimepakwa. Mkifika katikati ya kichaka cha miiba saa nne asubuhi, hakuna anayekumbuka.

Ninunue dawa ya aina gani?

Acha kuangalia picha iliyo mbele ya chupa, soma kiambato kwenye lebo.

Triklopiri ndiyo inayojulikana zaidi kwa vichaka vya shina gumu. Huua mimea ya majani mapana na huziacha nyasi zilizokomaa, jambo ambalo mfugaji analihitaji. Ile inayochanganyika na mafuta ndiyo ya kupaka gome.

Glaifoseti huua karibu kila kilicho kijani, nyasi zikiwemo. Kwa lantana iliyokatwa sasa hivi inafanya kazi. Kwa mathenge mara nyingi humkatisha mtu tamaa, hasa ikinyunyizwa kwenye majani. Na ukinyunyizia ovyo utabaki na udongo mtupu, ambao ndio mathenge unaupenda kuotea.

Pikloramu ina nguvu kwa miti lakini hudumu udongoni muda mrefu na husafiri na maji. Mahali unapotaka kupanda maharagwe, nyanya au viazi msimu ujao, iache kabisa.

Parakwati usiiguse. Muuzaji anaweza kukuambia inakausha siku hiyo hiyo, na ni kweli inakausha: majani tu. Haisafiri hadi mzizini, kwa hiyo kwa kazi hii haina faida hata moja. Na kiasi kidogo kikimezwa huua, wala hakuna dawa ya kuizima mwilini. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2007.

Nchini Kenya chupa halali huwa na namba ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu na Magugu, inayoanza na PCPB. Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Chupa isiyo na namba, au dawa inayopimwa kutoka kwenye dumu na kutiwa kwenye chupa ya soda, irudishe hapo hapo kwenye kaunta. Na kama lebo haitaji vichaka, miti wala visiki, hiyo si dawa ya kazi yako, hata kama kiambato kinafanana.

Kiasi gani kwa kila lita?

Kile kilichoandikwa kwenye lebo ya chupa uliyonunua. Najua jibu hili linaudhi, kwa hiyo nieleze sababu. Huko Texas, ambako ndugu wa mathenge ni mti wa asili unaowasumbua wafugaji, mafundi hupaka gome kwa bidhaa ya triklopiri iliyo asilimia 15 ya mchanganyiko wa dizeli kwa gome laini, na asilimia 25 kwa gome gumu. Australia hutumia bidhaa yenye triklopiri na pikloramu pamoja, lita 1 kwenye lita 60 za dizeli. Namba hizo mbili ziko mbali kabisa na zote ni sahihi, kwa sababu bidhaa ni tofauti na namna ya kulowanisha ni tofauti. Anayenakili ya Texas kwenye chupa ya Australia anamwaga pesa. Anayefanya kinyume chake anarudi mwakani kuanza upya.

Kuzidisha hakusaidii. Kwenye majani hasa, dawa kali mno huunguza majani kabla hayajaipeleka mizizini.

Naweza kuchoma makaa ya mti uliowekwa dawa?

Ukipaka gome mti ukiwa umesimama, shina lile la chini lina dizeli na dawa. Usilifanye kuni za jikoni, usichomee nyama, usiuze makaa yake. Ndiyo sababu nasema kata kwanza. Beba mbao, nguzo na kuni zikiwa safi, halafu tibu kisiki kinachobaki ardhini. Kwa familia nyingi za Baringo makaa na nguzo za mathenge ni ada ya shule, na hakuna haja ya kuchagua kati ya kipato na kuumaliza mti. Kuhusu vibali vya kusafirisha makaa, uliza kaunti yako kabla ya kupakia lori.

Nifanye msimu gani na saa ngapi?

Mmea uwe unakua. Baada ya mvua, ukiwa na majani mapya yaliyokomaa, unapeleka chakula chini kwenye mizizi na dawa inasafiri nacho. Katikati ya kiangazi kikali umejifunga, na dawa ya majani haiendi popote. Kupaka kisiki hakubagui sana msimu, bali epuka siku za mvua.

Saa ni za asubuhi, umande ukishakauka. Joto la mchana wa Marigat au Garissa huifanya triklopiri ya mafuta ipae hewani kama mvuke, na mvuke huo huenda usikotaka. Lakini kwa wanaonyunyizia majani, alfajiri iliyotulia tuli nayo si salama kama inavyodhaniwa: hewa ya baridi hukaa chini, matone madogo yanaelea humo na kuhama polepole hadi bustani ya mtu. Upepo mwepesi unaotikisa majani, unaoelekea mbali na mazao, ni bora kuliko utulivu kamili. Upepo ukianza kuinua vumbi, funga kazi.

Usinyunyizie mathenge ukiwa umechanua. Nyuki wako juu yake, na asali ya huko mnaijua.

Mifugo je?

Waondoe kwenye eneo kwa muda uliotajwa kwenye lebo. Kwa lantana ongeza tahadhari: majani yake yana sumu inayoharibu ini, na ng'ombe aliyeyala ngozi yake huchubuka akipigwa na jua. Kichaka kinachonyauka kinaweza kuliwa na mnyama ambaye kwa kawaida angekipita.

Jambo ambalo wachache husema ni samadi. Pikloramu na baadhi ya ndugu zake hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuharibika. Ng'ombe akila nyasi zilizonyunyiziwa, samadi yake inabeba dawa, na ukiitia kwenye nyanya utaona majani yanajikunja bila kujua kisa ni nini.

Halafu kuna upande wa pili wa mifugo: wao ndio wapandaji wakuu wa mathenge. Mbegu hupita tumboni salama na kutoka ikiwa imetiwa mbolea. Kundi lililotoka kulisha kwenye mathenge wenye maganda likae bomani takriban wiki moja kabla ya kuingia kwenye malisho uliyosafisha. Usipofanya hivi, dawa yote ni kazi bure.

Mto uko mita chache kutoka hapo.

Basi usinyunyizie. Kanuni za maji za Kenya huuhesabu ukingo wa mto kuwa angalau mita 6 na hadi 30 kulingana na upana wake, na mimi ningechukua kipimo kikubwa. Ndani ya eneo hilo tumia sururu, na pale mzizi wa mti ndio unaoshika ukingo usiporomoke, panda wa asili kwanza. Baadhi ya dawa za glaifoseti zina sabuni inayodhuru samaki na vyura kuliko dawa yenyewe. Usichanganye dawa kisimani, usisafishe bomba kwenye mfereji wa umwagiliaji wa Perkerra wala mwingine wowote.

Glaifoseti inaleta saratani?

Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Wasimamizi wa dawa wa Marekani hawakukubali, na Umoja wa Ulaya uliiongezea kibali cha miaka 10 mwaka 2023. Mabishano hayajaisha. Kwako shambani tofauti kubwa iko kwenye kiasi kinachogusa mwili. Anayepaka kisiki kwa brashi akiwa na glavu hayuko hali moja na kibarua anayebeba bomba linalovuja mgongoni siku nzima.

Wafanyakazi wavae nini?

Glavu za mpira wa naitrili, si za kitambaa, kwa kuwa kitambaa hunyonya dawa na kuishikilia kwenye ngozi. Buti, suruali nje ya buti, mikono mirefu, miwani. Kwa mathenge miwani ina kazi mbili: tone la dawa na mwiba. Mwiba wake hupenya soli nyembamba na kutoboa gurudumu, sembuse jicho. Anayechanganya dawa ndiye anayeshika ile kali, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuvaa, ingawa kawaida huwa ni mwenye shamba na mikono mitupu.

Mtu akimwagikiwa, avue nguo na kuoshwa kwa maji mengi ya sabuni; jicho lioshwe kwa maji safi dakika 15. Akimeza, asilazimishwe kutapika, hasa ikiwa na dizeli, kwani huingia mapafuni. Mpeleke hospitalini pamoja na chupa yenye lebo. Maziwa si tiba.

Lipa vibarua kwa siku, si kwa eneo. Anayelipwa kwa eneo anaruka visiki, na si kosa lake.

Sheria inanidai niondoe?

Mathenge uliletwa Bamburi, Mombasa, mwaka 1973 kufufua machimbo ya mawe, na miaka ya 1980 ukapandwa Baringo kwa mpango wa kuni na kuzuia jangwa. Haukuja kama gugu. Wakazi wa Ng'ambo, kule Baringo, waliishtaki serikali, na mwaka 2006 wakampeleka mahakamani mbuzi ambaye meno yake yalikuwa yamekwisha kwa utamu wa maganda. Mwaka 2008 ulitangazwa kuwa gugu baya chini ya Sura ya 325 ya sheria za Kenya. Sheria hiyo humpa mkaguzi mamlaka ya kumtaka mwenye ardhi aliondoe. Kwa vitendo wachache wamewahi kuona mkaguzi, lakini ukitaka kumshawishi jirani asiyejali, inasaidia kuitaja.

Kwa jirani huyo huyo: mwambie siku ya kunyunyizia. Mazao yake yakiungua kwa dawa yako, kesi ni yako, mathenge au si mathenge.

Lantana nayo ni vile vile?

Ni rahisi zaidi. Kata, paka kisiki, rudi kwenye maotea. Kazi kubwa ni kuhakikisha shina lililolala chini halijatoa mizizi mahali pengine. Fuata kila tawi hadi mwisho.

Chupa tupu nizifanye nini?

Suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yamimine kwenye bomba uyatumie siku hiyo, kisha itoboe chupa. Usiichome. Jerikani ya dawa haiwi ya maji wala ya maziwa hata ikioshwa kwa majivu. Uliza agrovet kama wanapokea chupa. Wengine wana mpango wa kukusanya.

Kisiki kimekauka. Nimemaliza?

Bado. Usikichimbe wala kukikata tena mpaka msimu mzima wa mvua upite, kwani kukijeruhi mapema hukata safari ya dawa mizizini. Mvua ikishanyesha, pita na brashi yako. Kisiki chenye maotea kipakwe tena, au kama maotea hayajazidi magoti, yanyunyiziwe majani yakiwa mabichi. Kwangura gome kwa kisu chini karibu na udongo: rangi ya kijani au unyevu maana yake hakijafa, hata kama juu kote ni kukavu.

Kisha zipo mbegu. Za mathenge hukaa udongoni miaka mingi zikingoja, na ukiondoa kivuli cha mti mkubwa umeziita. Zuia kwa nyasi. Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba ni nyasi za huku kwetu, zimeshapandwa kwenye ardhi iliyochakaa ya Baringo, na zikishika hazimpi mche nafasi. Chana udongo kidogo, panda kabla ya mvua, zuia mbuzi msimu wa kwanza. Mche utakaopenya humo utauona kwa urahisi, nao ni wa kung'oa kwa mkono wakati udongo ungali mlaini.